Katiba ya Marekani Haikuvalishi Bastola

Kuna neno moja halifi kwenye vijiwe vyetu, liwe linasemwa Kariakoo au kwenye makundi ya WhatsApp ya Wakenya na Wakongo walioko Texas: Marekani silaha ni ruksa, katiba imeshamaliza kazi, kilichobaki ni kununua bastola na kuivaa kiunoni kama wenzako. Ukiuliza habari ya sheria, unaambiwa umekuja na woga wa nyumbani. Mimi nasema huo ni ujinga, tena wa gharama kubwa.

Hiyo katiba yenyewe tuiangalie. Marekebisho ya Pili, yanayotaja haki ya kubeba silaha, yalianza kutumika mwaka 1791, lakini haki ya mtu binafsi kuweka bastola nyumbani ili ajilinde ilikuja kuthibitishwa na Mahakama ya Juu mwaka 2008, katika kesi ya Heller. Haki ya kutoka nayo mlangoni ilingoja hadi 2022, kesi ya Bruen, na hata hapo majaji walikubali kwamba shule na majengo ya serikali yanaweza kuwekwa nje ya ruhusa hiyo. New York, iliyobwagwa katika kesi hiyo, haikumaliza mwezi kabla ya kupitisha sheria mpya, na ndani yake Times Square na treni za chini ya ardhi zikawa marufuku kwa silaha.

Ndiyo maana swali la "Marekani inaruhusu?" halina jibu. Illinois hairuhusu kubeba bastola waziwazi barabarani, uwe na kibali usiwe nacho. Florida ilikataza tangu 1987, hadi mahakama ya rufaa ilipoitupa sheria hiyo Septemba 2025. Texas, ambako jamaa wengi hudhani hakuna mipaka, tangu Septemba 2021 aliyefika miaka 21 na asiye na katazo la kisheria habanwi kuwa na kibali. Lakini angalia milango ya maduka ya huko. Utaona mabango yenye namba za vifungu: 30.05 ni kwa asiye na kibali, 30.06 kwa mwenye kibali anayeificha silaha, 30.07 kwa mwenye kibali anayeionyesha. Ukipita bango linalokuhusu na bastola yako, umeshatenda kosa. Mabango ya wenye kibali yameandikwa Kiingereza na Kihispania, Kiswahili usikitafute.

Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia, mwenye kibali halali cha Pennsylvania, alisimamishwa na trafiki upande wa New Jersey. Kwa uungwana wake akamwambia askari kwamba ana bastola, na kibali anacho. Akakamatwa palepale. New Jersey haitambui kibali cha jimbo lingine lolote, na kosa lile lilikuwa na kifungo cha lazima cha miaka. Hatimaye Gavana Chris Christie alimpa msamaha, mwaka 2015. Huyo ni raia, mzaliwa wa hapohapo.

Sasa wewe mwenye viza ya masomo, ya matembezi au ya kazi ya muda: sheria ya shirikisho inakukataza hata kuishika bunduki, isipokuwa kwa nafasi chache kama leseni ya uwindaji. Kijana mmoja kutoka Falme za Kiarabu, Rehaif, alifukuzwa chuo Florida, hadhi yake ya uhamiaji ikaisha, naye akaenda kulenga shabaha kwenye uwanja wa mazoezi. Akahukumiwa miezi 18. Mahakama ya Juu ilitengua hukumu hiyo mwaka 2019, kwa kuwa serikali haikulazimishwa kuthibitisha kwamba alijua hadhi yake imekwisha. Wangapi wetu tuna mawakili wa kutufikisha huko? Na mwenye kadi ya kijani asijipige kifua: hukumu ya kubeba silaha kinyume cha sheria, hata ya jimbo, inatosha kumfungulia kesi ya kurudishwa kwao. Kosa ambalo jirani yako atalipia faini, wewe linaweza kukupandisha ndege.

Wapo watakaoniambia sheria haimlindi mtu mweusi hata akiijua, na watamtaja Philando Castile. Ni kweli. Mwaka 2016, huko Minnesota, alikuwa na kibali, akamwarifu askari kwa sauti ya utulivu kwamba ana silaha, akapigwa risasi akiwa ndani ya gari. Askari aliachiwa huru. Lakini sielewi mtu anawezaje kuisikia habari hiyo kisha aone ni sababu ya kuining'iniza bastola kiunoni bila hata kufungua kitabu cha sheria za jimbo. Tena ruhusa yenyewe inaweza kuondolewa: California kubeba bunduki yenye risasi hadharani kuliwahi kuwa halali. Mei 1967 wanachama wa Black Panther, weusi watupu, waliingia na bunduki zao kwenye jengo la bunge la jimbo, Sacramento. Kabla Julai haijaisha, Gavana Ronald Reagan alikuwa ameshatia saini sheria ya kupiga marufuku.