Utaambiwa Ukifika: Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Lushoto

Tanga,
mwezi wa Aprili.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Naomba unipe wasaa mdogo katika shughuli zako nyingi nikueleze habari ya safari ambayo haijafanyika. Najua kwamba desturi ya waandikao barua kama hii ni kulalamikia yaliyokwisha kuwapata njiani. Lakini mwiba ulionichoma mimi nimeukuta nyumbani, mezani, kabla sijavaa kiatu, na kwa kuwa naamini wengi wamechomwa nao wakanyamaza, au wakaacha kusafiri, nimeona si vema kuuficha.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Mjukuu wangu wa kike, aliye darasa la sita, alisoma shuleni habari za milima ya Usambara, akaniuliza kwa nini watu watoke Ulaya kuja kuitembea kwa miguu, ilhali sisi, ambao mbingu zikitakata twaiona Usambara ya Mashariki kutoka hapa hapa mjini, hatujapata kuikanyaga ile ya Magharibi hata siku moja. Sikuwa na jibu la kumtosheleza. Nikamwahidi kwamba likizo ya Juni nitampeleka Lushoto, yeye na wapwa zangu wawili, kwa siku tatu. Papo hapo akaleta daftari, akapiga mistari kwa rula, akafanya safu nne: Siku, Njia, Chakula na Gharama. Ile ya tatu nikamwambia aiite Masurufu, maana msafiri hachukui chakula peke yake. Neno likampendeza, akaliandika kwa herufi kubwa.

Safu tatu za kwanza zilijaa kwa jioni moja, nasi tukaona raha kama watu waliokwisha ondoka. Siku ya kwanza tutapanda kutoka Mombo kwa barabara ile ya zaidi ya kilomita 30, inayojipinda ubavuni mwa jabali hadi Soni penye maporomoko ya maji, kisha mpaka Lushoto yenyewe, mji uliokaa bondeni ilhali bonde hilo liko mita kama 1,400 juu ya bahari. Wadachi waliupa jina la Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaizari wao; jina likaondoka na wenyewe, bonde likabaki na watu wake. Alasiri tutatembea kilomita tano hivi kwenda Irente, ambako mlima hukatika ghafula kama ukuta, na mtu akisimama ukingoni huona kwa macho yake kile ambacho Wasambaa walikigawa kwa maneno tangu kale: Shambaai juu, penye baridi na mvua na migomba, na nyika chini, penye jua na miiba.

Siku ya pili tutaingia msitu wa Magamba, hifadhi ya zaidi ya hektari 9,000, wakaamo mbega na vinyonga na ndege wasioonekana pwani. Kisha, kwa huruma ya miguu ya watoto na ya mzee, tutapanda gari mpaka Lukozi, na kutoka hapo tutapita kwa miguu katikati ya mashamba ya kabichi na viazi hadi Rangwi, ambako wageni hupokewa na masista. Siku ya tatu ni ya Mtae, kijiji kilichoketi juu ya mgongo mwembamba wa mlima, nyika ya Mkomazi ikiwa imetandazwa chini yake kama jamvi. Katika Masurufu tukaandika sweta kwa kila mmoja, maana mtu wa pwani hudanganywa na jua la Tanga akasahau kwamba kipupwe cha mlimani huuma mpaka mifupani. Tukaandika viatu vyenye soli ya meno, chupa za maji, mikate na tende.

Ikabaki safu ya nne. Nilipiga simu katika afisi moja, ambayo si yako wala sitaitaja, nikauliza maswali manne: mwananchi hulipa kiasi gani kuingia msituni, na mtoto je, kiongozi wa njia ni wa lazima au wa hiari, na ujira wake kwa siku ni upi, je, vijiji tutakavyovipita vina malipo yake, na gari la kurudi kutoka Mtae huondoka saa ngapi. Aliyenipokea alikuwa mtu mpole, tena mwenye adabu, walakini maswali yangu yote manne aliyajibu kwa jawabu moja: “Wewe njoo tu, mzee, utaambiwa ukifika.” Nikawaendea jamaa watatu waliokwisha kwenda, wakanipa bei tatu zisizofanana hata kwa mbali. Wa nne, aliyekuwa dalali wa safari, kabla hajanitajia bei yoyote aliniuliza kwanza kama wageni wangu ni Wazungu.

Mheshimiwa, neno hilo la utaambiwa ukifika nimelipima siku nyingi, na kila nilipimapo naliona zito kuliko alivyodhani msemaji. Aambiwaye akiwa nyumbani ana ikhtiyari: akiona gharama imemzidi, hupunguza siku, au hungoja mwezi mwingine, au huuza mbuzi. Lakini aambiwaye akisha kufika, amesimama stendi jioni, ukungu unashuka, watoto wamechoka na mfuko anaujua yeye mwenyewe, hana la kuchagua ila kulipa au kurudi, na kurudi nako kwataka nauli. Bei itajwayo kwa mtu asiye na pa kurudi imekwisha kuwa amri. Kwa tajiri tofauti baina ya bei ya kwanza na ya tatu ni bakshishi. Kwa mstaafu ni malazi ya watu wanne kwa usiku mzima, naye kwa kuchelea aibu mbele ya watoto huamua kutokwenda kabisa. Ndivyo mlima usio na lango wala bawabu uwezavyo kufungwa, na aliyeufunga asijulikane.

Wala hasara si ya msafiri peke yake. Asiyejua njia iliyoruhusiwa atakatiza shamba la mtu. Asiyejua majira atapanda wakati wa masika, udongo mwekundu ukiteleza kama sabuni, kisha wanakijiji watoke usiku na taa kumtafuta. Na akishuku kwamba kiongozi anamwibia, atakwenda bila kiongozi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji ataponaje kwa mgeni aliyewasili na hasira, ambaye hakujua alete nini wala atoe nini?

Nasema haya katika nchi ambayo haikuwa hivyo zamani. Abdallah bin Hemedi ’lAjjemy, katika Habari za Wakilindi, asimulia kwamba Mbegha, asili ya ukoo uliokuja kutawala Usambara, aliingia milima hiyo akiwa mgeni atokaye Unguu, mwindaji wa nguruwe. Mgeni huyo alikuwa na nyama, wenyeji walikuwa na vyakula vya mashamba. Kila upande ukajua unatoa nini na unapokea nini, na katika mapatano hayo ya wazi ukazaliwa ufalme. Hata mmisionari Krapf alipopanda kwenda Vuga mwaka 1848 kwa mfalme Kimweri ye Nyumbai, na wasafiri Burton na Speke walipokwenda huko mwaka 1857, hawakukuta mlima usio na utaratibu: palikuwa na viongozi wa njia, palikuwa na ruhusa ya Simba Mwene, yaani mfalme mwenyewe, na zawadi ilikuwa na mahali pake. Lugha yetu nayo haikukosea ilipoipa desturi na malipo jina moja, ada, maana kinacholipwa huwa ada pale tu kinapokuwa desturi, yaani kinapojulikana na mkubwa na mdogo, mwenyeji na mgeni, kabla ya siku ya kulipa. Kisichojulikana ila kwa yule akipokeaye hakistahili jina hilo, hata kikitozwa kwa tabasamu.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, wala halihitaji fedha za wafadhili. Naomba ubao. Usimamishwe Mombo pale magari yaachapo barabara kuu kupanda mlima, mwingine Soni, na wa tatu katika stendi ya Lushoto. Uandikwe kwa Kiswahili fasaha na herufi zisomekazo na mzee asiyevaa miwani, kisha usambazwe katika simu na mitandao ili aliye Tanga au Mwanza ausome kabla hajafunga mzigo. Utaje njia zilizo wazi na saa za kuzitembea kwa mtu wa kawaida, si kwa mwanariadha. Utaje ada ya msitu kwa mwananchi, kwa mgeni na kwa mtoto, na mahali pa kupata stakabadhi. Utaje ujira wa kiongozi kwa siku. Utaje miezi ambayo njia fulani haifai, na saa ya gari la mwisho. Najua kwamba Magamba imo mikononi mwa Wakala wa Huduma za Misitu, kwamba ada zake hazipangwi nawe, na kwamba kila kijiji kina serikali yake. Lakini meza ya kuwakutanisha wote hao ni yako, na hakuna mwingine mwenye meza pana kama hiyo wilayani.

Yaweza kusemwa kwamba bei hubadilika, na ubao utakuwa mwongo kabla ya mwaka kwisha. Mimi nimeishi na ubao miaka thelathini na sita: huandikwa kwa chaki, juu yake ikatiwa tarehe, na kesho ukafutwa. Yaweza kusemwa pia kwamba viongozi wa njia watapoteza riziki. Hasha! Mimi sitaki kutembea bila kiongozi, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye wapi kijito kimekula njia, nani wa kuamkiwa kwanza kijijini, na neno gani la Kisambaa hufungua mlango. Lakini ujira ulioandikwa humlinda yeye pia, asidhulumiwe na msafiri mchoyo amtembezaye kutwa kisha akampa nusu, wala na dalali amchukuaye mgeni kwa bei kubwa na kumgawia yeye makombo.

Mheshimiwa, Juni haiko mbali. Daftari liko mbele yangu ninapoandika, safu tatu zimejaa na ya nne ni nyeupe, isipokuwa neno moja ambalo mjukuu wangu ameliandika kwa siku zote tatu, kutoka juu hadi chini: Tutaambiwa. Safu nyingine aliziandika kwa wino. Hii ameiandika kwa kalamu ya risasi, na nilipomwuliza sababu alisema ni ili jibu lako likija apate kuifuta.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Tanga.