Risasi Katika Petroli ya Ndege

Ndege ndogo ikitua Kilwa Masoko, au Kikwetu kule Lindi, watoto hukimbilia kuitazama. Wengi wetu twadhani kwamba ndege zote hunywa mafuta ya aina moja. Sivyo.

Ziko ndege, kama Cessna Caravan, ambazo injini yake huendeshwa na nguvu ya hewa ya moto. Hizo hutumia mafuta yaliyo jamaa ya mafuta ya taa, wala hayana risasi. Lakini nyingine zilizo ndogo zaidi, kama Cessna 206, zina injini ya pistoni mfano wa ile ya motokaa, nazo hutumia petroli ya namna ya peke yake, yenye rangi ya buluu. Petroli hiyo, iitwayo 100LL, ina risasi, nayo yaweza kufika gramu 0.56 katika kila lita. Basi pipa la lita 200 laweza kuwa na gramu 112.

Kwa nini watu wakatia sumu katika mafuta? Mwaka 1921, huko Marekani, Thomas Midgley na wenzake waligundua ya kuwa risasi kidogo huzuia petroli isiwake kabla ya wakati wake na kuigonga injini. Basi ikatiwa katika petroli ya motokaa ulimwenguni kote. Lakini risasi itokayo na moshi huanguka katika udongo na vumbi, na mtoto achezaye chini huimeza. Huudhuru ubongo wake ungali ukikua, na kilichoharibika hakirudi. Shirika la Afya Duniani husema kwamba hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama.

Mwaka 2001 wajumbe wa nchi zetu za kusini ya Sahara walikutana Dakar wakakubaliana kuiacha, na kufikia Januari 2006 petroli ya motokaa yenye risasi ilikuwa imekoma katika nchi hizo. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Ndege ndizo zilizobaki nyuma.

Msifanye haraka kuwalaumu marubani. Injini ya motokaa ikizimika, dereva husimama kando ya njia. Rubani hana kando ya njia. Mwaka 2022 serikali ya Marekani ilitoa kibali cha petroli isiyo na risasi iitwayo G100UL, nayo imekusudia kuiacha ile ya zamani kufikia mwisho wa 2030. Lakini mwaka 2023 Chuo Kikuu cha North Dakota kilijaribu petroli nyingine isiyo na risasi, na baada ya miezi michache kikarudia ile ya kwanza, kwa kuwa vikalio vya valvu vilikuwa vikilika.

Oili nayo yahusika. Risasi hufanya tope ndani ya injini, na oili ya ndege hutengenezwa ili ibebe uchafu huo bila kuacha majivu. Oili ya motokaa huacha majivu, na kwa hiyo haifai kwa ndege. Petroli ikiwa haina risasi, oili hukaa safi zaidi.

Na sisi tusio na ndege, yatupasa nini? Kwanza, ukipewa petroli ya buluu kwa bei nafuu uitie katika pikipiki au mashine ya mashua, ikatae. Wala usiivute kwa mdomo katika mpira, wala usinawie mikono. Pili, oili chafu ya ndege usipake mbao za nyumba wala usimwage karibu na kisima, kwa kuwa imebeba risasi. Tatu, wavuvi, mashine ya mashua ichanganyiwayo oili na petroli ina oili yake na kipimo chake. Fuateni kitabu cha mtengenezaji, si maneno ya pwani.

Mashine ikiharibika hununuliwa nyingine. Akili ya mtoto haiuzwi dukani.