NENO LA MHARIRI: Anapoandika "dada" badala ya "baba"

Mwalimu wa darasa la kwanza anasoma imla: "baba". Akipita kati ya madawati anakuta mtoto kaandika "dada", tena kwa mwandiko safi. Kalamu nyekundu inapita hapo, na mara nyingi karipio hufuata. Toleo hili linahusu namna ubongo unavyoyaweka katika makundi yale macho yanayoyaona, nasi tunaanza na kosa hili kwa sababu si uzembe hata kidogo.

Ubongo hupanga upesi mno. Mwaka 1996, Simon Thorpe na wenzake nchini Ufaransa waliwaonyesha watu picha kwa milisekunde 20 tu. Ndani ya milisekunde 150 hivi, ubongo ulikwisha kutenga picha zenye mnyama na zisizo naye. Kupanga huko kunataka mambo mengine yapuuzwe, na mojawapo ni upande. Kikombe ni kikombe, kishikio kiwe kulia au kushoto. Chui akitokea upande wowote ni chui, na aliyengoja kuhakikisha hakurudi nyumbani.

Leo tunamkalisha mtoto mwenye ubongo huo huo na kumwambia kwamba b na d, umbo moja lililogeuzwa, ni vitu viwili. Maandishi yana umri wa miaka 5,000 hivi. Hakuna anayezaliwa na sehemu ya ubongo iliyotengwa kwa ajili yake. Hutengenezwa kwa kujifunza. Mwaka 2010 Stanislas Dehaene na wenzake walichapisha utafiti wa watu wazima 63 wa Brazili na Ureno. Kwa waliojua kusoma, wakiwemo waliojifunza ukubwani, sehemu moja ya nyuma ya ubongo, upande wa kushoto, iliyaitikia maandishi kwa nguvu kuliko kwa wasiojua. Kwa hiyo hata mwanafunzi wa ngumbaru hajachelewa.

Walimu wenzetu, msimchape mtoto huyu wala msimwite mzito. Fundisheni b mpaka ikae, ndipo d ifuate. Mwacheni aichore mchangani kwa kidole huku akiitamka, maana mkono unaujua upande ambao jicho limezoea kuupuuza. Na akifika madarasa ya juu bado anazichanganya, zungumzeni na wazazi wake atafutiwe mtaalamu wa kumpima.