Udugu Usiopimwa kwa Kiboko

Mwaka wa 1906, wanafunzi saba weusi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliasisi chama cha udugu cha Alpha Phi Alpha. Chimbuko lake lilikuwa kikundi cha kusaidiana masomoni, kwani baadhi ya wenzao hawakuwa wamerejea chuoni. Uongozi wao ulianzia hapo: kumshika mkono aliyeelekea kuanguka. Ajabu ni kwamba vyama vya aina hiyo vilikuja kuwapokea vijana kwa kipigo na fedheha, eti kupima uaminifu! Mwaka wa 1990 vyama vikuu vya weusi vilipiga marufuku kipindi cha majaribio. Mateso yakahamia mafichoni. Anayemcharaza mgeni leo alicharazwa jana, naye hukiita kisasi hicho mila. Mkongwe anayestahili kuongoza humwuliza chipukizi kama amekula, na ni somo gani linalomlemea.