PEDI MBILI NYUMBANI KWA MCHUNGAJI



Kuna mshirika ameniuliza, kwa heshima lakini nikasikia uzito wake, "Mchungaji, ni kweli kwako kuna PlayStation?" Ni kweli. Ni PS2 ya mtumba, aina iliyotoka mwaka 2000, na nilichoipendea ni yale matundu mawili ya pedi za kuchezea.

Mnajua nimehubiri dhidi ya vibanda vya gemu hapa 56. Sijabadilika. Mahali ambapo anayefungwa ndiye analipia mechi, hiyo ni kamari imevaa jezi, na nauli za watoto wetu zimeishia humo. Lakini nilipomkataza kijana wangu kibanda, alihamia kwenye simu. Nikafikiri nimeshinda, maana sasa yuko nyumbani. Wapi! Amekaa kwenye kochi langu, masikio yamezibwa, anacheza na watu nisiowaona, na matusi aliyoyasikia huko siwezi kuyaandika hapa. Bando la wiki linaisha kwa siku mbili. Mama yake akiita tuombe, jibu ni lile lile: "Ngojeni, hii haisimamishwi."

Na hakuwa anadanganya. Mechi ya mtandaoni huwezi kuisimamisha utakavyo, upande ule mwingine kuna mtu anaendelea. Ile ya pedi mbili unabonyeza, inasimama, tunaomba, tunarudi.

Wengine watasema mtandao si dhambi. Sijasema ni dhambi. Kuna baba anafanya kazi Qatar, kijana wake yuko hapa Kawangware, na siku ya mapumziko wanacheza mpira wa simu pamoja huku wakiongea. Huyo mtandao umemrudishia mtoto. Mimi ninalala mlango mmoja na wangu. Kisingizio changu ni kipi?

Katika Kumbukumbu la Torati 6, Musa anawaagiza wazazi waongee na watoto wao wakiwa wameketi nyumbani. Wangu ana miaka 14. Ukimkalisha umuulize maswali, mdomo ni kufuli. Mpe pedi. Wiki iliyopita, macho kwenye tivii, bila hata kuniangalia, akaniambia kuna mvulana shuleni anayemnyang'anya pesa za chakula. Miezi mitatu alikuwa amenyamaza nayo.

Jumatatu asubuhi na mapema nilikuwa kwa mwalimu wake. Mechi yenyewe nilifungwa 6-1, na sikulipa.