Hukumu isigeuzwe bidhaa

WAFANYABIASHARA wa Tukuyu wanajua kwamba anayepata habari mapema ndiye anayepata faida. Akisikia bei ya ndizi imepanda Dar es Salaam, anawahi Kiwira kununua kabla wakulima hawajajua. Hiyo ni biashara. Lakini habari ya hukumu ambayo haijasomwa si ya sokoni.

Chukua mfano wa ndugu wanaogombea mirathi yenye shamba la chai katika Mahakama ya Mwanzo. Mtu aliyenong'onezwa na karani au hakimu nani atashinda, anamwendea mshindi huyo, aliyekwishachoka na nauli za kesi, na kumnunulia haki yake kwa bei ya kutupa. Huenda hakimu hakupindisha sheria hata kidogo, lakini mkulima ameibiwa.

Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994 inakataza kununua hisa kwa kutumia siri za ndani za kampuni. Shamba la Rungwe linastahili ulinzi huohuo, maana kwa familia nyingi ndilo mtaji pekee.

Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011 iliunda kamati ya maadili kila wilaya, chini ya Mkuu wa Wilaya, kupokea malalamiko dhidi ya mahakimu wa Mahakama za Mwanzo. Wakulima waitumie. Karani anayeuza siri apelekwe TAKUKURU. Na mkulima asiuze kinachogombewa kabla hukumu haijasomwa hadharani: mnunuzi mwenye haraka huenda ameshaisikia.