Pikapu ya Umeme: Tusiende Kariakoo Mmoja Mmoja



Tangu msimu uliopita tumeulizwa swali moja na watu wa matawi mbalimbali: je, pikapu ya petroli yaweza kugeuzwa ikaenda kwa umeme, kazi ikafanywa nyumbani, kwa vifaa vya kununua Dar es Salaam? Wanaouliza wana haki ya kuuliza. Fedha za karafuu huja mara moja kwa msimu, na petroli hununuliwa kila siku. Basi twaona yafaa tujibu waziwazi. Yawezekana, lakini mtu asiifanye peke yake. Chama kifanye gari moja kwanza, sote tuitazame.

Na tuanze na mema yake. Jambo hili si ndoto wala si jipya. Uingereza, kwa miaka mingi baada ya Vita Kuu ya Pili, maziwa yaligawiwa majumbani kwa magari ya betri, kwa sababu safari yao ilikuwa fupi na kila usiku yalirudi palepale kutiwa umeme. Karibu na kwetu, kampuni ya Opibus iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2017, na tangu 2022 ikaitwa Roam, ilitoa injini katika Land Cruiser za kutembezea watalii ikatia mota za umeme. Huko Arusha nako magari ya watalii yamegeuzwa namna hiyo. Tena gari ya karafuu inafanana na gari ya maziwa: hutoka shamba ikaenda kituoni, ikarudi nyumbani kulala.

Hesabu ya matumizi kila mmoja aweza kuifanya. Pikapu ndogo ya petroli iliyopakia hula kama lita moja kwa kilomita 10. Ikiwa ya umeme, hula kama uniti mbili na nusu kwa mwendo huohuo. Chukua bei ya lita ya siku hiyo, chukua bei ya uniti mbili na nusu, uzilinganishe. Utaona kwa nini watu wanauliza.

Shida iko kwenye betri, na shida hiyo tuliiona kwa macho yetu Kariakoo. Tulifuatana na mwanachama mmoja wa Pemba, mtu mzima mwenye pikapu ya zamani, aliyevuka na karatasi aliyoandikiwa na mpwawe: mota, kidhibiti cha mota, betri, waya. Alikusudia kununua vyote kwa siku mbili, kisha gari aitengeneze uani kwake.

Gerezani tulifurahi. Injini inapotolewa, giaboksi hubaki, na mota hufungwa mbele yake kwa sahani nene ya chuma yenye matundu yaliyopimwa sawasawa. Sahani ikikosewa kidogo tu, shafti hutetemeka na beringi hufa. Mafundi wa kukereza vyuma wa Gerezani wanaifahamu kazi hiyo. Mmoja alipima, akachora kwa chaki sakafuni, akataja siku ya kuja kuichukua. Kwa upande wa chuma, Kariakoo hapana la kulalamikia.

Kwa upande wa betri mambo yalikuwa mengine. Duka la kwanza lilikuwa na betri za sola, zile za risasi na asidi. Kijana wa duka alipoambiwa ni za gari akasema kwa ungwana, "Mzee wangu, hizi ni za taa na friji. Ukizitia kwenye gari, mwakani utarudi kunililia." Tulikaa kwenye benchi lake tukapiga hesabu, tukaona kwamba hakusema uongo. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 30 hivi. Zikiwa 12, ni kilo 360, yaani gunia saba za karafuu za kilo 50, na bado hujapakia hata pishi moja. Kutoa injini, tangi, rejeta na ekzosi kutakurudishia kama nusu tu ya uzito huo. Betri hizo hubeba uniti 14, lakini ukitaka zidumu utumie nusu yake. Uniti saba ni kilomita 28 hivi. Kutoka Mkoani utafika karibu na Chake Chake, na kurudi utarudi kwa kusukumwa.

Duka la pili lilikuwa na betri za lithiamu. Hizi ndizo zifaazo, hasa aina ya chuma na fosfati, ambayo haishiki moto upesi kama aina nyingine za lithiamu. Kwa uniti zilezile 14 uzito wake ni kama theluthi moja, na waweza kutumia sehemu nne katika tano bila kuziumiza. Lakini zile tulizoonyeshwa zilikuwa zimekwisha kutumika mahali pengine, zikavikwa ngozi mpya ya plastiki. Zimetoka wapi? Zimetumika miaka mingapi? Muuzaji hakujua. Gari huunganisha seli 40 na zaidi kwa mstari mmoja, na wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Seli moja mbovu huizuia safu nzima, na ikilazimishwa huvimba, au hupata moto.

Hapa ndipo penye neno zito. Safu hiyo ina volti 144 hivi. Fundi aliyezoea betri ya volti 12 ya gari huishika kwa mkono mtupu asipate dhara; hii humwua. Breki nazo zina jambo lake. Injini ya petroli ndiyo inayovuta hewa inayolainisha kanyagio la breki. Ukiitoa bila kutia pampu ya umeme mahali pake, kanyagio huwa gumu kama jiwe, nasi twaijua miteremko ya Pemba. Tena gari itachajiwa wapi? Wengi wetu tutaichaji chini ya paa la ghala, kando ya magunia ya karafuu kavu zilizojaa mafuta. Moto ukianza hapo, imekwenda gari na yamekwenda mavuno.

Na bahari tusiisahau. Betri za namna hii ni shehena ya hatari. Yapasa itangazwe bandarini, isifichwe ndani ya mzigo wa abiria. Tunaokumbuka MV Spice Islander ilivyozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, hali imejazwa kupita kiasi, hatuna haja ya kuhubiriwa juu ya mizigo ya melini.

Wengine watasema, "Chama kitachelewa, na petroli haitungoji." Ni kweli tutachelewa msimu mmoja. Lakini mtu akipoteza akiba ya msimu mzima kwa betri mbovu, huchelewa zaidi. Wengine watauliza, umeme ukikatika je? Watu wa Unguja hawajasahau miezi ile mitatu ya giza iliyoanza Desemba 2009, na Pemba ilikuwa ikiendeshwa kwa majenereta mpaka waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika 2010. Kwa sababu hiyo hatusemi magari yote yageuzwe. Twasema moja.

Shauri letu kwa mkutano mkuu ni hili. Ichaguliwe pikapu moja ya aina iliyo nyingi kwa wanachama, ili sahani ikikerezwa mara ya kwanza ifae na kwa wengine. Chuma kifanywe Gerezani. Betri zinunuliwe mpya, kwa jina la chama, na dhamana ya maandishi. Umeme ufungwe na fundi mwenye cheti. Ofisi ya usajili wa magari na watu wa bima waulizwe kabla ya bolti ya kwanza kufunguliwa. Gari ichajiwe mbali na ghala. Dereva awe na daftari: kilomita, magunia, uniti, na kila kilichoharibika. Mwisho wa msimu daftari hilo tutalichapa hapa, liwe zuri au baya. Tukishindwa, hasara itagawanyika kwa wengi, na hakuna atakayeuza mikarafuu yake kuilipa.

Yule mwanachama wetu alirudi Pemba na bomba la kupulizia dawa, vipimo vya sahani yake katika karatasi, na fedha zake mfukoni. Amesema pikapu yake yuko tayari kuitoa iwe ya kwanza. Mwenye neno la kumpinga au la kumuunga mkono na amwandikie katibu wa tawi lake kabla ya mkutano.